Shikamoo kwenye Baraza Tupu

Mwanahamisi mwanangu,

Kama huyu mama wa ndani ya simu ameanza kukusomea haya na basi bado halijapita Segera, mzime. Najua hutamzima. Lakini nimesema, ili kesho mtu asije akaniambia sikusema. Nataka yakufikie mahali ambapo hata ukikasirika vipi, dereva hatakubali kugeuza basi kwa ajili ya ugomvi wa fundi Bakari na bintiye.

Naandika alasiri. Wewe na mamako mmekwenda Makorora kwa shangazi yako kusukwa nywele, na hapa Nguvumali nimebaki mimi, kuku, na ile simu yako ya zamani uliyoniachia. Naandika kwa kidole kimoja. Kila nikikosea, simu inanichagulia neno lake, kwa hiyo ukisikia mahali nimesema kama karani wa wilaya, ujue si mimi. Mimi shule niliiachia darasa la tano, na mwalimu alishukuru Mungu mbele yangu.

Ya safari sina. Mambo ya shuka, ya dawa ya tumbo, ya nani wa kumfungulia mlango huko Dodoma na nani wa kumfungia, mamako ameyasema mpaka kuku wameyashika. Mimi nina jambo moja tu, nalo linamhusu yule bibi yako wa kanga ya kijani. Ngoja nilifikie polepole. Mwongo haendi kwenye ukweli kwa njia ya mkato, hajaizoea.

Surua ilipokutwaa macho ulikuwa na miaka mitano. Ulikuwa umeshazijua rangi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana ulikuwa unazitafuta. Mamako alilia. Mimi nilitengeneza baiskeli. Halafu nikaona heri nikuchukue karakanani kuliko kukuacha ukutani umekaa kama mzigo wa mgeni. Nikakuweka kwenye kerieri, ukanishika kiunoni, na njia nzima mpaka Ngamiani mdomo wangu ukawa haufungwi. Nakuambia huyu kabeba mihogo, yule kavaa viatu vya rangi mbili, pale paka kalala juu ya mzani wa muuza dagaa na muuza dagaa anampimia mteja paka na dagaa pamoja.

Sasa, watu wetu unawajua. Mtoto akimpita mzee bila shikamoo, hawasemi hakumwona. Wanasema hana adabu, kisha wanamtaja na aliyemzaa. Wewe walikuwa tayari kukusamehe, lakini msamaha ule ulikuwa na "maskini" mwishoni, nami niliuchukia. Basi nikabuni ujanja. Kabla hatujafika kwenye baraza la mtu nakunong'oneza, "Kulia, Mzee Kombo, msuli umetoboka," nawe unapaza sauti, "Shikamoo Mzee Kombo." Mzee Kombo anashtuka na chai yake anaimwaga. "Marahaba mwanangu," anasema, huku anafunika tundu la msuli, maana nawe ulikuwa umecheka kabla ya kusalimia. Wakaanza kusema binti wa fundi Bakari anaona kwa kisogo.

Nikanogewa, mwanangu. Ukweli wangu ni huo. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kama ulivyonisikiliza wewe. Mamako ukimwambia jambo anauliza ushahidi. Wateja wanauliza tairi liko tayari au halijawa. Wewe ulikuwa unaamini na kuomba zaidi. Kwa hiyo nikaanza kuongeza chumvi. Ukuta wetu wa kijivu nikaupaka bluu kwa mdomo. Mkia wa jogoo wa jirani nikautia dhahabu. Mimi mwenyewe nikajiachia nywele nyeusi na mvi chache za heshima pembeni.

Kuna ile nyumba ya mlango wa mbao, jirani na kona ya wauza vitunguu. Warithi wake wameanza kushtakiana mimi sijaoa, na hadi leo kufuli iko mlangoni. Ina baraza la saruji mbele, pana, safi, na hakuna anayelikalia. Sijui kwa nini. Ngamiani mtu akiona mahali pa kuweka makalio hapaachi, lakini pale watu wanapita.

Siku moja ilikuwa jua la utosi, zile saa ambazo nyanya yangu alikuwa akituita ndani na kusema barabara sasa ina wenyewe. Tulikuwa tumepita mabaraza mengi na yote yalikuwa matupu, joto limewafukuza watu. Kila ukiuliza nakujibu hakuna mtu. Sauti yako ikawa inapungua. Tulipofika pale ukauliza, "Na hapa je?"

Ningesema hakuna mtu, ningekuwa nimesema kweli na habari ingeishia hapo. Nikasema, "Hapa yupo bibi mmoja. Kajitanda kanga ya kijani."

Nilichagua kijani kwa sababu wiki ile ulikuwa unalia kwamba kijani kinakuponyoka, hukikumbuki vizuri tena.

"Shikamoo bibi," ukasema. Baiskeli ikapita. Baadaye kidogo ukanivuta shati. "Baba, hakuitika."

"Kaitika kwa kichwa. Bubu yule."

"Maskini," ukasema, na mimi nikasikia neno lile likienda kwa mtu mwingine kwa mara ya kwanza, nikafurahi kama mpumbavu.

Kesho yake ukamuulizia. Na keshokutwa. Ikawa hatupiti pale bila shikamoo, halafu ikawa hatupiti bila kusimama. Ukashuka kwenye kerieri, unasimama mbele ya baraza unazungumza. Unamweleza ya shule, nani kakuibia peni, mwalimu gani ananuka sigara. Mimi nakaa upande wa pili wa barabara najifanya natia upepo kwenye tairi, tairi lenyewe limejaa limekuwa gumu kama jiwe. Watu walikuwa wanatuangalia. Mimi nawakonyeza, wanacheka, wanapita. Nilidhani nimepanga kila kitu.

Mamako habari zilimfikia. Alikuja karakanani na unga mikononi.

"Bakari, mtoto unamsalimisha na nani pale?"

"Na mtu wa kutunga. Mchezo tu."

"Shikamoo si mchezo. Ukimpa mtu shikamoo umemweka juu yako. Sasa mwanangu umemwekea nani juu yake?"

"Umeolewa na mchekeshaji, mke wangu, vumilia."

"Niliolewa na fundi baiskeli. Huyo mchekeshaji kaja nyuma, wala sikumpikia." Akageuka kuondoka, kisha akarudi, na safari hii alisema kwa sauti ya chini, jambo ambalo mamako hafanyi. "Salamu isiyo na mwenyewe haikai chini ikafa. Iko siku ataiokota mtu."

Nilimcheka. Nimemcheka miaka mingi.

Ulipokua kidogo ukataka kumbusu mkono, kama unavyombusu nyanya yako ukienda Kigombe. Uliunyoosha mkono wako mbele, nami nikaruka barabara nzima na pampu mkononi. "Usimguse," nikasema, "ana ugonjwa wa viungo, akiguswa anaumia." Ukaurudisha mkono taratibu. Ukamwambia pole bibi, nilikuwa sijui. Toka siku ile hukuunyoosha tena. Nimetengeneza baiskeli za watu zikavunjika breki njiani, nimeuza mnyororo mbovu nikaapa ni mpya, na usingizi nikapata. Ile pole yako ilinikosesha.

Ukafanya nini Bakari? Nikaendelea.

Halafu shule wakakupa fimbo nyeupe. Unakumbuka niliitundika nyuma ya mlango, nikasema fimbo ni ya wale wanaokaa mlangoni mwa msikiti Ijumaa, binti yangu ana baba. Nilisema kwa majivuno mpaka wajomba zako wakaniunga mkono. Si kweli. Nilikuwa na wivu na ule mti. Niliyapenda macho yangu kupita kiasi, kwa vile kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyekuwa anayahitaji. Ulikaa bila fimbo mwaka mzima kwa ajili ya wivu wangu, na siku ulipoitungua mwenyewe ukatoka, nilikufuata kwa nyuma kama mwizi mpaka sokoni na kurudi. Hukukanyaga hata nyanya ya mtu. Ulipofika mlangoni ukasema bila kugeuka, "Baba, mguu wako wa kushoto unaburuza. Nenda hospitali."

Baada ya fimbo yakaja mengine, na kila moja lilinipunguzia kazi. Ile mashine ya nukta nundu, inagonga usiku na mchana kama kuku anayedonoa bati. Kile kidude cha kutundika kwenye kikombe, kinacholia chai ikikaribia ukingoni, ambacho mamako mpaka leo akikisikia anasema "karibu" akidhani kuna mgeni. Halafu kompyuta inayokusomea kwa kasi ile, kama watu wawili wanagombana ndani ya debe, nawe umetulia unaelewa kila neno. Nilipokusindikiza kwenye ule usaili wa kazi ya kupokea simu za wateja nikakuona sikio moja umelipa mashine na jingine mteja, vidole vinaandika, mdomo unasema "ndiyo mama, nimekuelewa mama," nilikaa kwenye benchi nikajiuliza mimi nitabakiwa na sikio gani.

Kisha ikaja simu yako mpya inayoona.

Siku ya kwanza ulinielekezea mimi. Yule mama akasema, kwa sauti yake ile isiyo na mate: "Mwanamume mzee mwenye mapengo. Amevaa shati lenye doa. Anaonekana ana wasiwasi." Ulicheka ukakaa chini. Kisha ukaenda ukutani.

"Baba, bluu iko wapi?"

"Imepauka."

"Imepauka ikawa kijivu?"

"Chumvi ya bahari, mwanangu. Inakula kila kitu."

"Na nywele zako je, nazo chumvi?"

Tulicheka sote, na hukunikasirikia, ukasema ulikuwa unajua toka zamani kwamba naongeza, ndiyo maana ulikuwa unapenda kwenda na mimi. Lakini moyoni nikasema basi, sasa siku yoyote binti yangu atapita Ngamiani, atainua simu, na huyu mama asiye na aibu atamwambia hapana kitu pale, hajawahi kuwepo mtu. Shikamoo zote zile alimpa nani? Pole ile alimpa nani? Nilikuzungusha njia nyingine wiki kadhaa, nikisema wanachimba mtaro.

Mpaka siku ile tulipotoka kununua begi lako. Ulinishika mkono ukanivuta kwa njia ya zamani, unaijua kwa harufu ya vitunguu. Lilikuwa jua la utosi tena. Nilitazama baraza, hapana mtu. Mlango na kufuli. Hata nzi hapana. Ukainua simu, na mimi nikafumba macho, wallahi, kama mtoto anayengoja fimbo.

Yule mama akasema: "Kibaraza cha saruji mbele ya mlango wa mbao. Mwanamke mzee amekaa. Amejitanda kanga ya kijani. Anaangalia upande huu."

Nikafumbua macho. Jua, saruji, kufuli. Nikatazama kushoto na kulia, labda kuna mwanamke anapita. Hapakuwa na mtu mpaka mwisho wa mtaa.

"Shikamoo bibi," ukasema. "Leo nimekuja na baba, tumenunua begi." Kisha ukaniambia mimi, kwa furaha, "Baba, anatutazama."

Ulingoja niseme kitu, kama kawaida yangu. Nilikushika mkono tukaondoka, na nilikuwa nahisi kisogo kinaniwasha mpaka tulipokata kona.

Sikukuambia. Nilikwenda kwa mwalimu wako Rehema, aliyekufundisha nukta nundu, ambaye naye haoni toka kuzaliwa na hajawahi kunichekea. Nikamwambia shikamoo.

"Mzee Bakari, mimi sawa na mwanao, acha ukora. Umeleta nini?"

Nikamweleza habari za simu. Sikumweleza za miaka ya nyuma.

"Kile kitu hakioni, mzee," akasema. "Kinakisia. Kimelishwa picha za watu waliokaa barazani mpaka kimeshiba. Kikikuta baraza lina pengo, kinalijaza."

"Kwa hiyo kinadanganya."

"Hakijui kwamba kinadanganya, ndiyo hatari yake. Mimi kiliwahi kunisomea kopo la sukari nikatia kwenye chai, kumbe chumvi. Kilisoma bila kusita. Wewe mtoto alipokuwa anakuuliza hapa kuna nani, na hapana mtu, ulikuwa unafanyaje?"

Kumbe alikuwa anajua. Sijui nani alimwambia.

"Basi kimekufuata wewe," akasema.

Nilipata nafuu, mwanangu, nilitaka kumkumbatia. Mwongo mwenzangu, basi, si kingine. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikageuka. "Na kanga ya kijani?"

"Mwanahamisi alishakiambia habari za huyo bibi?"

"Sijui."

"Kamuulize."

Nikakuuliza kwa kuzunguka, jioni ile unakunja nguo: je, huwa unapiga soga na huyu mama, unamwambia habari zetu? Ukasema, "Habari gani baba? Namuuliza tu mbele kuna nini." Simu ilikuwa mpya. Nikarudi kwa mwalimu Rehema nikampa jibu hilo. Akasema rangi ni chache duniani, mzee, na kijani ni mojawapo. Lakini hakusema kwa sauti ile ya mwanzo, na aliniomba nimfungie dirisha.

Hapo ndipo penye hofu yangu, na nataka uisikie vizuri hata kama basi linapiga kelele. Dodoma sitakuwepo. Hakutakuwa na mtu wa kutazama kile ambacho simu inakuambia na kusema hapana, sivyo. Iko siku itakuambia barabara tupu. Wewe umelelewa na mtu aliyekuwa na jibu kwa kila swali, jibu la haraka, tamu, na ukajifunza kuamini majibu ya namna hiyo. Nilikuharibu hapo. Ninachokijua juu ya uongo, na mimi ni fundi wake kuliko baiskeli, ni kwamba hausiti. Mtu anayeona kweli husema, "Subiri, sijui, labda ni mtu labda ni gunia." Mimi sikuwahi kukuambia labda ni gunia. Mashine yako nayo haisemi. Ikikujibu upesi mno, simama. Sikiliza mwenyewe, gonga fimbo, muulize hata mlevi. Mwalimu Rehema anasema akiambiwa kiti kipo, anakigusa kwanza kwa goti.

Sasa ya leo.

Jana ulisema, "Baba, kesho kutwa kabla ya kwenda stendi ya Kange tupite kwa bibi nimuage. Nataka radhi zake." Mamako alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Nikasema tutapita, ingawa kwenda Kange kwa njia ya Ngamiani ni kama kujikuna sikio la kulia kwa mkono wa kushoto. Usiku sikulala vizuri. Leo mchana, mlipoondoka, nikachukua simu hii ya zamani, nayo ulishaitia yule mama anayeona, nikaenda peke yangu. Nilisema nitakwenda saa ileile, kwenye jua lilelile, nilimalize.

Kwanza nikatazama kwa macho yangu. Hapana mtu. Nikainua simu kama unavyofanya wewe. Yule mama akasema: "Kibaraza kitupu cha saruji. Mlango wa mbao umefungwa kwa kufuli." Nikairudia. "Kibaraza kitupu." Nilicheka peke yangu mtaani. Kwa mara ya kwanza mimi na mashine tuliafikiana, nikasema kumbe siku ile ilikosea tu, kama mtu yeyote. Nikataka kukaa nipumzike. Nikatangulia kupapasa kwa kiganja, maana saruji ya saa hizo unaijua, hukai juu yake bila kuruka.

Ilikuwa ya moto. Nikasogeza mkono, moto. Nikasogeza tena, na hapo katikati palikuwa baridi.

Si baridi ya kivuli. Nilitazama juu, paa lile halifiki pale, mti hapana, jua limesimama kichwani mwangu. Ilikuwa baridi ya mahali palipokaliwa muda mrefu, mwili ukalizuia jua, kisha mwenyewe akanyanyuka sasa hivi. Upana wa mtu mwembamba. Nikapapasa kingo zake kwa vidole, huku moto, huku baridi, kama mstari umechorwa. Na upande wa pili moto tena.

Kama mtu aliyenyanyuka kunipisha, kwa kuwa mimi ni mzee na nimechoka.

Sikukaa. Nilirudi kinyumenyume, bila kugeuza mgongo, kama tulivyofundishwa kutoka mbele ya wakubwa, mpaka nikavamia toroli la muuza vitunguu.

"Mzee Bakari," akasema, "unamuaga nani hapo?"

"Sijui," nikamwambia. Nadhani ni jibu la kwanza la kweli nililowahi kulitoa kwenye mtaa ule.

Akaacha kupanga vitunguu vyake. "Mimi nilidhani unamjua," akasema. "Si wewe ndiye uliyekuwa ukimletea mtoto?"

Sikumuuliza alikuwa na maana gani. Nisamehe, nilitakiwa niulize. Niliona nikiuliza atanijibu.

Nimefika nyumbani nimekunywa maji, nimekaa, nimeandika haya yote, na bado kiganja cha kulia hakijapata joto. Mamako akirudi nitamwambia nilishika barafu kwa Mwarabu wa juisi. Atajua si kweli.

Sasa sikia nilivyoamua. Nilikuwa nimepanga nikuambie leo, uso kwa uso, kwamba hakuna bibi, nilikutungia, ili usiende kuaga hewa. Siwezi tena. Nikisema hayupo, huenda nasema uongo mkubwa kuliko wote, tena mbele ya mwenyewe. Nikisema yupo, nitakuwa nakusimulia yaleyale ya kwenye kerieri. Kwa hiyo kesho nitakupeleka mpaka mbele ya baraza na nitafunga mdomo. Utasema shikamoo yako. Utamwambia unakwenda kazini Dodoma. Na ukimaliza, nitakuambia kitu kimoja tu: hakuna ugonjwa wa viungo, ukitaka kumshika mkono, nyoosha wako. Halafu nitasimama nyuma yako karibu, si upande wa pili wa barabara, na pampu nitaiacha nyumbani.

Naogopa. Sijakuficha hilo. Naogopa mkono wako ukikuta hewa na saruji, utageuka na kunijua mimi ni nani miaka yote hii. Na naogopa zaidi ukikuta kitu kingine. Lakini wewe si mtoto tena, na mkono ni wako. Nilikuzuia mara moja kwa ajili ya nafsi yangu, nikakuchukulia kweli yako, yoyote ile iliyokuwepo. Sitakuzuia mara ya pili.

Kwa hiyo, mwanangu, saa hii unaposikiliza, jambo limeshapita. Mkono umeshaunyoosha. Najua nitakuwa nimekusindikiza Kange nikiwatania makonda, na wewe kwa adabu zako hutakuwa umeniambia kitu mbele ya mamako, na mimi kwa uoga wangu sitakuwa nimeuliza. Uso wako nitakuwa nimeutazama sana mlangoni mwa basi na sitakuwa nimesoma kitu. Ninayeandika hapa alasiri hii sijui. Unayesikiliza unajua.

Hasira yako ni haki yako, iweke, haiozi, utanipa nikija Dodoma. Ila ukipata kituo chenye mtandao nipigie kwanza unieleze. Mimi ndiye niliyekuwa na macho nikaona baraza tupu, mashine ikaona mara hivi mara vile, na muuza vitunguu sina ubavu wa kumuuliza. Nimebakiwa na mkono wako tu. Niambie ulikuta nini. Sema polepole, usiongeze kitu kunifurahisha wala usipunguze kunionea huruma. Na kama hujui, niambie hujui, nitakuamini.

Babako,
Bakari